FreeBSD na Debian kwenye kompyuta ya lango: ulinganisho kwa ofisi ndogo za Moshi na Arusha

Ofisi ndogo nyingi ninazozihudumia kati ya Moshi na Arusha zina kompyuta moja isiyokaliwa na mtu. Aghalabu ni mashine ya mtumba iliyowekwa juu ya kabati au chini ya meza ya mhasibu, ina kadi mbili za mtandao, na kazi yake ni kupokea intaneti kutoka kwenye redio ya paani au modemu, kuigawa ndani ya ofisi, kuzuia yasiyotakiwa, na mara nyingine kutunza mafaili ya wafanyakazi. Miezi hupita bila mtu kuitaja. Hutajwa siku mtandao unapokatika, na hapo ndipo swali la mfumo upi uliowekwa ndani yake linapogeuka kuwa swali la saa ngapi ofisi itarudi kazini.

Mifumo endeshi miwili ninayoulizwa sana kwa kazi hii ni FreeBSD na Debian. Yote ni ya bure, na yote ilianza mwaka 1993: Debian ilitangazwa na Ian Murdock mwezi Agosti, na toleo la kwanza la FreeBSD likatoka Novemba. Debian hutumia kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza vifaa vya mashine, na kukizungushia maelfu ya programu zilizoandikwa na watu mbalimbali, ambazo watunzaji wake huzikusanya na kuzipatanisha. FreeBSD inatokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na kiini chake pamoja na zana zake za msingi huandikwa na kutolewa kwa pamoja, kama nyumba iliyojengwa na fundi mmoja kuanzia msingi hadi paa. Tofauti hiyo inaonekana ya kinadharia, lakini karibu kila ninachokieleza hapa chini kinatokana nayo.

Sitalinganisha kasi, kwa kuwa kiungo cha megabiti 20 kwa sekunde hakiisumbui mashine yoyote kati ya hizi hata ikiwa na umri wa miaka kumi. Ninalinganisha jambo moja tu: hitilafu inapotokea, mfumo upi unakuonyesha upesi ilipo, na upi unakuwezesha kuitengeneza kwa vilivyomo ndani yake, bila kuhitaji intaneti ileile iliyokatika.

Zana zilizomo kabla mtandao haujarudi

Hitilafu ya mtandao hutafutwa kwa ngazi, kuanzia chini kwenda juu: waya, kadi, anwani, lango, njia ya kwenda nje, na mwisho majina ya tovuti. Anayeruka ngazi hupoteza siku. Ngazi ya kwanza haihitaji mfumo wowote. Mwaka uliopita karani wa ofisi moja ya Sakina, Arusha, alinipigia asubuhi nikiwa Moshi.

"Shikamoo fundi, mtandao hamna tangu tumefungua."

"Marahaba dada. Hebu zunguka nyuma ya lile boksi jeusi, uniambie zile taa pale waya unapoingia zinawaka?"

"Moja inapepesa kijani. Ya pili imezima kabisa."

"Huo waya wa penye taa iliyozima unaelekea wapi?"

"Unapanda juu, kwenye dari."

Ulikuwa waya wa redio ya paani, na adapta yake ilikuwa imechomolewa ukutani ili simu ya mtu ichajiwe. Kazi iliisha kwa dakika nne, na hakuna mfumo endeshi uliostahili sifa wala lawama.

Taa zikiwa zinawaka ndipo mifumo inaanza kutofautiana. Kwenye FreeBSD amri `ifconfig` huonyesha kadi zote, anwani zake, na hali ya waya wa kila moja, yaani kama upande wa pili unaitikia au la. Kwenye Debian kazi hiyo imegawanywa: `ip link` huonyesha kadi na hali ya waya, `ip addr` huonyesha anwani, na `ip route` huonyesha njia. Amri ya zamani ya `ifconfig` haiwekwi tena moja kwa moja kwenye Debian tangu toleo la 9 la mwaka 2017, ingawa masomo mengi yanayozunguka mtandaoni bado yanaifundisha. Nimewaona vijana wa mafunzo kwa vitendo wakiiandika, wakajibiwa kwamba amri haipo, wakahitimisha kwamba mashine imeharibika. Anayeanza na Debian ajifunze `ip` tangu siku ya kwanza, na kwa kuanzia `ip -br addr` inatosha, kwa sababu huandika kila kadi kwenye mstari mmoja unaosomeka hata kwa simu.

Jambo zito zaidi ni kile kinachokuja ndani ya mfumo. FreeBSD, kabla hujaongeza programu yoyote, ina `tcpdump` ya kutazama pakiti, yaani vipande vya data, zinazopita kwenye waya, ina `drill` na `host` za kuuliza majina, na ina `traceroute` ya kufuatilia njia zinakopita. Debian iliyowekwa kwa njia ya kawaida haina `tcpdump`, na kama zana za kawaida za mfumo hazikuchaguliwa wakati wa kusimika, haina hata `dig` ya kuuliza majina; hizo hupatikana kwenye vifurushi unavyopaswa kuviomba. Kuviomba kunahitaji mtandao. Hapo fundi anajikuta kama mtu aliyeufungia ufunguo ndani ya nyumba. Dawa ipo, nayo ni mstari mmoja unaoandikwa siku ya kwanza mtandao ukiwa mzima:

`apt install tcpdump bind9-dnsutils ethtool mtr-tiny`

Mstari huo ukiandikwa, sehemu kubwa ya faida ya FreeBSD katika eneo hili inatoweka. Tatizo ni kwamba unategemea kumbukumbu ya mtu, na mashine nyingi ninazoitiwa ziliwekwa na mtu ambaye sasa yuko Dodoma au Dar es Salaam na hapokei simu.

Zana hizi zina thamani hasa siku ambayo kosa si lako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mtu mwenye `traceroute -n` siku ile aliona lango lake linajibu, mtambo wa kwanza wa mtoa huduma unajibu, kisha ukimya kuelekea nje ya nchi. Hapo alijua kwamba hakuna cha kutengeneza ofisini. Asiyekuwa na namna ya kuona hivyo alianza kubadili mipangilio, na mawasiliano yalipopata njia mbadala yeye akabaki na hitilafu mpya aliyoitengeneza kwa mikono yake.

Mipangilio inakaa wapi

Kwenye FreeBSD karibu kila kitu kuhusu mtandao wa mashine ya lango kinakaa kwenye faili moja, `/etc/rc.conf`. Mashine yenye kadi mbili za Intel inaweza kuelezwa kwa mistari hii mitano:

`hostname="lango"`
`ifconfig_em0="DHCP"`
`ifconfig_em1="inet 192.168.10.1 netmask 255.255.255.0"`
`gateway_enable="YES"`
`pf_enable="YES"`

Fundi mgeni anayefika ofisini akaifungua faili hiyo anaelewa kwa dakika moja kwamba kadi ya kwanza inapokea anwani kutoka nje, ya pili inahudumia ndani, mashine inapitisha pakiti kati ya pande mbili, na ukuta wa moto (firewall, kichujio cha yanayopita) unaoitwa pf umewashwa. Sheria za ukuta huo ziko `/etc/pf.conf`. Basi.

Kwenye Debian mambo hayohayo yametawanyika. Anwani zinaweza kuwa kwenye `/etc/network/interfaces`, ambayo ndiyo njia ya asili ya Debian; lakini kama mashine iliwekwa na mazingira ya picha, programu ya kusimamia mtandao iitwayo NetworkManager nayo inaweza kuwa kazini, na fundi mwingine anaweza kuwa alipendelea mwenzake, systemd-networkd. Ruhusa ya kupitisha pakiti imo kwenye faili za `/etc/sysctl.d/`, na sheria za ukuta wa moto ziko `/etc/nftables.conf`, isipokuwa kama mtu alifuata maelekezo ya kale ya iptables, mtangulizi wa nftables, ambapo utakuta sheria zimechanganyika na huna hakika zipi zinatangulia. Kwa hiyo kwenye Debian swali la kwanza kabla ya kugusa chochote ni nani anayetawala mtandao, na jibu lake hupatikana kwa `systemctl is-active NetworkManager systemd-networkd networking`. Wawili wakijibu kwamba wako hai, usishangae anwani inapobadilika yenyewe baada ya saa moja. Kwa haki lazima niseme kwamba Debian inajaribu kuzuia ugomvi huo: kadi iliyoandikwa kwenye `/etc/network/interfaces` huachwa na NetworkManager bila kuguswa. Wengi hawajui hilo, ndiyo maana hulalamika kwamba dirisha la mipangilio linakataa kuwatii.

Majina ya kadi nayo yana tabia zake. FreeBSD huita kadi kwa jina la kiendeshi chake, yaani programu inayoiendesha, kwa hiyo em0 na igb0 ni za Intel, re0 ni ya Realtek, na ue0 ni ya USB. Ukisikia jina kwa simu, tayari unajua ni chombo gani kiko mezani. Debian huita kadi kwa mahali ilipochomekwa, kwa mfano enp3s0, na faida yake ni kwamba kadi mbili zinazofanana hazibadilishani majina ovyo. Lakini ukiongeza kadi nyingine ndani ya mashine, hesabu ya nafasi inaweza kusogea, enp3s0 ikawa enp4s0, na mipangilio ikabaki inasubiri kadi ambayo kwa jina lile haipo tena.

Sasa nieleze upande mbaya wa ile faili moja, kwa sababu nimeulipia nauli. Nikiwa Moshi niliingia kwa ssh, yaani kwa mbali kupitia mtandao, kwenye mashine ya FreeBSD iliyoko Arusha, nikabadilisha anwani moja ndani ya `/etc/rc.conf`, na bila kuona nikaifuta alama ya kufunga nukuu mwishoni mwa mstari. Niliiwasha upya mashine, nikasubiri dakika tano, kisha kumi. Haikurudi. Ni kilomita zipatazo 80, na nilipofika nilikuta kioo kinaonyesha kwamba usomaji wa faili umekwama kwenye nukuu isiyofungwa, na mfumo unaomba nibonyeze kitufe ili unipe ganda la dharura, yaani mahali pa kuandikia amri. Diski ilikuwa katika hali ya kusomeka tu, kwa hiyo niliandika `mount -u /`, nikafungua faili kwa `vi`, nikarudisha ile alama moja, nikawasha upya. Safari nzima ilikuwa ya herufi moja.

Kosa la namna hiyo kwenye faili ya Debian lingeuangusha mtandao peke yake, na mashine ingewaka hadi mwisho, kiasi kwamba mtu aliyeko ofisini mwenye kibodi na nywila angeweza kuingia nikamwelekeza kwa simu. Tangu siku hiyo sihariri `rc.conf` kwa mkono. Natumia `sysrc`, ambayo huandika nukuu zake yenyewe, na kabla ya kuwasha upya naandika `sh -n /etc/rc.conf`, ambayo hukaa kimya kama faili ni nzima. Kwa Debian mwenzake wa karibu ni `ifup --no-act` ikifuatiwa na jina la kadi.

Tahadhari nyingine ya mbali inafaa pande zote mbili. Sheria mpya za ukuta wa moto zikaguliwe kwanza bila kutekelezwa, kwa `pfctl -nf` au `nft -c -f`, kisha zipakiwe kutoka faili ya muda huku faili ya kudumu ikibaki na sheria za zamani, na kabla ya kuzipakia iamuru mashine ijiwashe upya baada ya dakika kumi kwa `shutdown -r +10`. Ukijifungia nje, mashine itajiwasha na kurudi kwenye sheria za zamani. Usipojifungia, unaitengua amri hiyo kwa `shutdown -c` kwenye Debian, au kwa `pkill shutdown` kwenye FreeBSD, kisha unaziandika sheria mpya mahali pake. Na ukibadilisha anwani kwenye FreeBSD, `service netif restart` peke yake huondoa njia ya kwenda nje, kwa hiyo iandikwe pamoja na `service routing restart` kwenye mstari mmoja, vinginevyo utaikata kamba uliyoning'inia.

Tovuti nyingine zinafunguka, nyingine hazifunguki

Kuna hitilafu moja ambayo huku kwetu huwachanganya watu kuliko nyingine zote, nayo inastahili kuelezwa kwa nafasi yake. Mtandao upo, ujumbe wa WhatsApp unaingia, baadhi ya tovuti zinafunguka, lakini nyingine zinazunguka bila mwisho. Mara nyingi chanzo ni ukubwa wa pakiti. Waya wa kawaida wa ofisi hubeba pakiti za baiti 1500, lakini kiungo cha PPPoE, njia ambayo baadhi ya watoa huduma humuunganishia mteja, huchukua baiti 8 kwa ajili ya mambo yake na kubakiza 1492. Pakiti kubwa kupita kiasi inapaswa kurudishiwa taarifa ya kukataliwa, na kama kuna mtambo njiani unaozuia taarifa hizo, pakiti inatoweka na kivinjari kinasubiri.

Kipimo chake ni ping isiyoruhusu pakiti kukatwa vipande. Kwenye Debian huandikwa `ping -M do -s 1472 1.1.1.1`, na kwenye FreeBSD `ping -D -s 1472 1.1.1.1`. Namba 1472 ukiijumlisha na baiti 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500. Ikishindwa, lakini 1464 ikapita, umeshapata jibu. Tiba kwenye pf ni kifungu kimoja, `scrub in all max-mss 1452`, na kwenye nftables ni sheria inayosema `tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu` ndani ya mnyororo wa upitishaji. Zote zinafanya kazi vizuri. Ila ya kwanza mtu huikumbuka kichwani, na ya pili mimi hadi leo huinakili.

Kadi, Wi-Fi na simu ya mkononi

Hapa Debian inashinda, na haishindi kwa kidogo. Tangu toleo la 12, lililotoka Juni 2023, diski rasmi za Debian hubeba programu dhibiti (firmware) za kadi zisizo huria, kwa hiyo laptopu ya mtumba iliyonunuliwa leo ina nafasi kubwa ya kuona Wi-Fi tangu wakati wa kusimika mfumo. FreeBSD kwa miaka mingi iliendesha kadi nyingi za Wi-Fi za Intel kwa kasi ya viwango vya zamani tu, na ni katika toleo la 14.3 la mwaka 2025 ndipo kiendeshi cha iwlwifi kilipoanza kutumia viwango vya n na ac, vyenye kasi zaidi. Kama kompyuta yako itapokea au kurusha Wi-Fi yenyewe, usijitese, weka Debian.

Kwa kadi za waya tofauti ni ndogo, ikiwa kadi ni ya Intel. Kadi za Realtek zilizounganishwa kwenye bodi mama za bei nafuu huendeshwa na kiendeshi re, na kwenye FreeBSD kinajulikana kwa kukwama kazi inapokuwa nzito, kikiacha kwenye `/var/log/messages` mistari ya `re0: watchdog timeout`. Kiendeshi mbadala kimo kwenye kifurushi cha `realtek-re-kmod`, lakini njia ninayoipendelea ni kununua kadi ya Intel iliyotumika na kuisahau habari hiyo.

Halafu kuna simu. Mara nyingi unasimika mashine mahali ambapo mtandao wa ofisi bado haujafika, na intaneti pekee ni ya simu yako iliyochomekwa kwa kebo ya USB. Debian huitambua simu ya Android mara moja, ikaipa jina usb0 au jina refu linaloanza na enx. FreeBSD nayo inaweza, ila kama kiendeshi hakikupakiwa chenyewe utaandika `kldload if_urndis`, kadi ya ue0 itatokea, kisha `dhclient ue0` itachukua anwani. Ni amri mbili tu, lakini ni amri mbili ambazo asiyezijua hatazikisia, na wakati huo hana intaneti ya kuzitafutia.

Kusimika programu, na kinachotokea umeme ukikatika

Kwenye Debian kila kitu ni kifurushi, kuanzia kiini hadi kihariri cha maandishi, na `apt` ndiye bwana wa yote. Kwenye FreeBSD kuna mstari mnene unaotenganisha mfumo wa msingi, ambao husasishwa kwa `freebsd-update`, na programu za nyongeza, ambazo husimikwa kwa `pkg` na kukaa zote ndani ya `/usr/local`. Ukisimika nginx, mipangilio yake itakuwa `/usr/local/etc/nginx`, si `/etc/nginx`. Anayetoka Debian hupotea hapo kwa siku mbili za kwanza, baadaye anaanza kuipenda, kwa sababu akiitazama `/usr/local` anajua kila kilichoongezwa na binadamu tangu mashine ilipozaliwa.

Tabia nyingine inayotofautiana ni kuwasha huduma. Debian ikimaliza kusimika nginx huiwasha papo hapo. FreeBSD huiacha imelala mpaka useme `sysrc nginx_enable=YES` na kuianzisha. Kwa mashine ya lango naiona tabia ya FreeBSD kuwa salama zaidi, kwa kuwa hakuna mlango unaofunguka bila wewe kuukusudia. Kwa mtu mwenye haraka, Debian inaonekana kuwa na adabu zaidi.

Umeme ukikatika katikati ya usimikaji, Debian hukataa kuendelea na kazi nyingine mpaka uandike `dpkg --configure -a`, na mara nyingi ujumbe wenyewe hukutajia amri hiyo. Ikishindikana, `apt --fix-broken install` humalizia. Katika miaka yote nimeona njia hiyo ikishindwa mara chache sana. Kwa FreeBSD kitu cha kukumbuka ni `pkg-static`: baada ya kuhamia toleo kubwa jipya, `pkg` ya kawaida inaweza kukataa kuwaka kwa kukosa maktaba iliyozoea, na ndugu yake huyo, ambaye hategemei maktaba yoyote ya nje, ndiye atakayeisimika upya kwa `pkg-static install -f pkg`.

Kuna mtego mmoja unaozikumba zote mbili kwenye mashine za mtumba, nao ni betri ndogo ya bodi mama, ile ya duara ya CR2032. Ikiisha, kila umeme unapokatika saa ya mashine hurudi nyuma, pengine miaka mingi. Hapo `apt` hukataa orodha ya vifurushi kwa madai kwamba bado haijaanza kutumika, na kitu chochote kinachopakuliwa kwa https hukataliwa kwa sababu cheti chake kinaonekana kimetolewa kesho. Watu hubadilisha hazina za programu, hubadilisha majina ya seva, hata hulaumu mtoa huduma, ilhali amri ya `date` ingewaambia yote. Debian ina kinga nzuri hapa: systemd-timesyncd hukumbuka saa ya mwisho iliyoijua na hairuhusu mashine kuamka ikiwa nyuma ya hapo, kisha hurekebisha tofauti hata ikiwa kubwa. Kwenye FreeBSD, `ntpd` hujiondoa kazini ikikuta tofauti ya zaidi ya sekunde 1000, isipokuwa umeweka `ntpd_sync_on_start="YES"`. Weka mstari huo. Na ununue betri.

FreeBSD hulipiza upande mmoja mkubwa. Ukiisimika juu ya ZFS, mpangilio wa diski unaoweza kuhifadhi hali ya mfumo ilivyo, unaweza kabla ya kila sasisho kuandika `bectl create kabla`, na kama sasisho likiharibu mambo, unachagua hali ile ya zamani kwenye menyu ya kuwashia, na mashine inaamka kama ilivyokuwa jana. Mtu wa ofisini anaweza kuifanya kazi hiyo akielekezwa kwa simu. Debian ina ZFS, lakini haiji ndani ya kisimikaji chake, na kuupata mpangilio kama huo kunahitaji kazi ya mikono ambayo sijaona ofisi ndogo ikiigharamia.

Nani atakayeitazama

Ushauri ninaoutoa haufanani kwa kila mteja. Ofisi ya watalii ya Arusha inayotaka lango tu, yenye kadi mbili za Intel na UPS, na ambayo itanipigia mimi au fundi mwingine anayejua kusoma mwongozo, huwa naiwekea FreeBSD, na kwa kweli simu zao ni chache. Shule ya sekondari kule Machame, ambayo mwalimu wa kompyuta ndiye fundi na kesho anaweza kuhamishwa, naiwekea Debian bila kusita, kwa sababu atakayemrithi kuna uwezekano mkubwa kwamba amewahi kugusa Ubuntu chuoni, na Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilicholetewa programu ya mizani na malipo iliyofungwa ndani ya Docker, kifungashio cha kusafirishia programu, hakina hiari: Docker inahitaji kiini cha Linux, na magereza (jails) ya FreeBSD, yaani vyumba vyake vya kutenga programu, pamoja na uzuri wake wote, hayatasoma faili ile. Kama printa nazo zitaunganishwa kwenye mashine hiyohiyo, Debian tena.

Muda wa kutunzwa nao uhesabiwe. Toleo la Debian hupata matunzo ya usalama kwa miaka mitatu, na mengine ya ziada hadi kufikia mitano, na katika kipindi hicho hulazimiki kubadilisha kitu kikubwa. Toleo dogo la FreeBSD, mfano 14.2, huachwa miezi mitatu baada ya dogo linalofuata kutoka, kwa hiyo mashine itaguswa kila mwaka. Ofisi isiyokuwa na mkataba wa matengenezo isidanganywe kwamba hilo litafanyika lenyewe.

Kabla ya kuamua, iwashe mashine yenyewe, si inayofanana nayo, kwa flashi yenye diski ya kusimika FreeBSD, uchague ganda badala ya kusimika, uandike `pciconf -lv`. Tafuta kadi za mtandao kwenye orodha. Mstari ukianza na em, igb au re, kiendeshi kipo, na unaweza kupima kwa `dhclient`. Mstari ukianza na neno none, mfumo umeiona kadi lakini hauna wa kuiendesha. Hapo weka Debian, au utafute kadi ya Intel kabla mashine haijapandishwa juu ya kabati.